Gita la mjomba lina nyuzi nne, na michubuko yake siifuti

Watu wakiliona ukutani kwangu huuliza nyuzi nyingine mbili zilienda wapi. Hazikuwahi kuwepo. Hili ni gita la tena (tenor kwa Kiingereza): mwili mdogo, shingo nyembamba, nyuzi nne basi. Aina hii ilishika Marekani miaka ya 1920, bendi za jazi zilipoanza kutaka gita badala ya banjo. Wapigaji wa banjo hawakuwa na haja ya kujifunza upya. Walitengenezewa gita la kutyuniwa kama banjo yao: noti za C, G, D, A, kuanzia uzi mnene hadi mwembamba. Langu ni Harmony la Chicago, gita la bei nafuu enzi zake. Ukimulika tochi ya simu ndani ya tundu utaona mhuri uliofifia: F-57. Mwaka wa 1957 huo.

Mjomba alilinunua kwa mwalimu Mmarekani aliyekuwa akirudi kwao, akalipiga kule mtaa wa Jericho, Nairobi, mpaka vidole vikakataa. Binamu yangu alinikabidhi likiwa ndani ya gunia.

Mimi huuza vipuri vya magari Kirinyaga Road, kwa hivyo nimezoea wateja wanaotaka kila kitu kipya. Kwa hili gita nilitaka jambo moja tu: lilie. Nililigonga mgongoni kwa kidole, kitu kikatetema ndani. Ubao mmoja unaoshikilia uso ulikuwa umebanduka, na uso wenyewe ulikuwa na ufa kuanzia kwenye briji, kile kibao kinachobeba nyuzi, kwenda chini. Jua la Nairobi la Januari na Februari halina huruma na mbao.

Fundi wangu wa Kariobangi hakukimbilia gundi. Alilifungia gita sandukuni pamoja na sponji yenye unyevu, mbao zikanywa maji polepole, ufa ukajifunga wenyewe. Ndipo akaupaka gundi inayotengenezwa kwa ngozi ya wanyama, akabandika vipande vyembamba vya mbao kwa ndani, akakaza jiliwa. Gundi hiyo huachia kwa joto na maji, kwa hivyo fundi atakayekuja baadaye ataweza kufungua bila kuvunja. Ile ya kemikali ninaiuza sana dukani, lakini kwenye gita sitaki hata kuisikia.

Kile kipande kinachotenga nyuzi juu ya shingo kilikuwa cha plastiki na kimeliwa. Nilienda soko la Burma kutafuta mfupa wa mguu wa ng'ombe, na muuza nyama akanichagulia wenye uboho mwingi, akidhani ni wa supu. Nikauchemsha hadi mafuta yakaisha, fundi akaukata na kuusugua. Vikazio vya nyuzi vilitaka tone la mafuta ya cherehani tu.

Mimi na fundi tuligombania vanishi.

"Mama, nikipiga msasa kidogo niweke vanishi, hii hutaitambua."

Shida ndiyo hiyo. Nikamwonyesha: chini ya nyuzi mbili nyembamba, freti (vile vyuma vya shingoni) ya kwanza hadi ya tatu, mbao zimebonyea vidoto vya vidole. Ukipanda zaidi ni safi kabisa. Anayetyuni C, G, D, A hutanua vidole, kwa sababu kutoka uzi hadi uzi kuna mruko wa noti tano. Hapa alikaa mtu anayeshika kodi (noti kadhaa kwa pamoja) za gita la kawaida. Mjomba alityuni D, G, B, E, sawa na nyuzi nne nyembamba za gita la nyuzi sita. Hakuniambia yeye wala binamu, mbao zilisema. Halafu chini ya tundu vanishi imekwanguliwa kwa kucha hadi mbao nyeupe, maana alipiga kwa kidole gumba na cha shahada, bila piki, kile kiplastiki cha kupigia nyuzi, kwa mtindo wa omutibo, ule wa wapiga gita wa magharibi mwa Kenya kina George Mukabi, uliokuwa na mtu wa kugonga chupa ya Fanta pembeni. Msasa ungeondoka na hayo yote.

Kwa hivyo nami nalityuni D, G, B, E. Kwa nyuzi, usihangaike kutafuta pakiti maalumu za tena mjini. Nunua za gita la kawaida, zile nyembamba zinazoanza na unene wa inchi 0.010, utumie nne za kwanza. Mbili nene zinazobaki mimi humpelekea fundi. Huzipokea, akalitazama gita, kisha akanikumbusha kwamba vanishi bado anayo.