Kutoka Reims hadi Hautvillers: nilivyojifunza kufungua shampeni kimya kimya

Hadi nilipopanda treni ya mwendo kasi katika stesheni ya Gare de l'Est jijini Paris, asubuhi moja ya mwezi Oktoba, shampeni kwangu ilikuwa ni mlio. Aliyewahi kuhudhuria sherehe ya harusi Dar es Salaam anaujua utaratibu: mshereheshaji anatia maneno, mfunguaji anaitikisa chupa huku akicheza, wageni wanahesabu, kizibo kinaruka hadi darini na nusu ya kinywaji inaishia sakafuni. Mara nyingi kilichomo si shampeni hata kidogo, ila hakuna anayelalamika, maana kilichosubiriwa ni mlio wenyewe.

Safari ya kwenda Reims, mji ulio katika eneo la Champagne, huchukua takriban dakika 45. Shemeji yangu, mkazi wa Paris wa miaka mingi, alinieleza njiani kwamba Champagne ni jina la mahali kabla ya kuwa jina la kinywaji, na kwamba mvinyo wa mapovu uliotengenezwa nje ya mipaka ya eneo hilo, hata ukifuata njia ile ile, kisheria hauruhusiwi kuitwa hivyo. Ule wa Alsace au wa bonde la Loire huitwa crémant. "Na huo, shemeji, hauumizi mfuko," aliongeza.

Kanisa kuu walikotawazwa wafalme wa Ufaransa tulilipitia haraka, kwa kuwa nilikuwa na hamu ya kushuka chini ya ardhi. Katika nyumba ya Pommery, mmoja wa watengenezaji wa shampeni wa mji huo, kuna ngazi 116 zinazoteremka hadi kwenye mashimo ya chaki yaliyochimbwa enzi za Warumi, ambamo baridi hubaki karibu nyuzi 10 mwaka mzima. Nilijuta kuvaa shati jepesi. Huko ndiko nilikoelewa kwamba mapovu hayapulizwi kwa mtambo kama ya soda. Mvinyo wa kawaida hutiwa chupani pamoja na sukari kidogo na hamira, chupa ikafungwa. Hamira inakula sukari na kutoa gesi, na gesi hiyo, kwa kuwa haina pa kutokea, inayeyuka ndani ya mvinyo hadi mgandamizo unafikia takriban mara 6 ya ule wa hewa ya kawaida, yaani zaidi ya maradufu ya tairi la gari dogo. Niliwakumbuka wafunguaji wetu wa harusini, na macho ya wageni wa meza za mbele.

Hamira iliyokufa haitupwi upesi. Sheria inataka shampeni ya kawaida ikae angalau miezi 15 tangu itiwe chupani, na ile ya mavuno ya mwaka mmoja ikae miaka 3, na kulala huko juu ya mashapo ya hamira hiyo ndiko kunakoipa harufu ya mkate uliotoka tanurini. Baadaye chupa huinamishwa na kuzungushwa kidogo kidogo hadi mashapo yote yashuke shingoni. Shingo inagandishwa, kifuniko cha bati kama cha soda kinafunguliwa, na donge la barafu linafyatuka na uchafu wote. Pengo linalobaki hujazwa mvinyo wenye sukari kiasi fulani, na hapo ndipo utamu unapoamuliwa. Brut, ile isiyo tamu, haifikishi gramu 12 za sukari kwa lita, ilhali demi-sec, ile tamu kiasi, ina kati ya 32 na 50. Aliyezoea vinywaji vya sherehe zetu na aanze na hiyo ya pili bila kuona haya.

Kutoka Reims tulikwenda hadi mji wa Épernay, na hapo tukachukua teksi hadi kijiji cha Hautvillers. Mavuno yalikuwa yamekwisha na majani ya mizabibu yamegeuka manjano. Pale huvuna mara moja tu kwa mwaka, tofauti na Dodoma kwetu wanakovuna mara mbili. Ndani ya kanisa la kijiji amezikwa Dom Pérignon, mtunza ghala wa watawa aliyefariki mwaka 1715, anayesifiwa kuwa ndiye mvumbuzi wa mapovu. Ukweli unanifurahisha zaidi: zama zake mapovu yalihesabiwa kuwa kasoro, kwani baridi ilisimamisha uchachukaji na joto la masika likauamsha, chupa zikapasuka. Ufundi wake ulikuwa kuchanganya zabibu za mashamba mbalimbali.

Mama mmoja mwenye shamba alitupa glasi pana kiasi, zinazobana juu, akisema zile nyembamba ndefu huinyima pua haki yake. Ya kwanza, ya zabibu nyeupe aina ya Chardonnay tupu, ilikuwa kali kama limau; ya pili, ya zabibu aina ya Pinot noir, ilinikumbusha tufaha na korosho za kukaanga, nayo ilikuwa nyeupe ingawa zabibu zake ni nyeusi, kwa sababu rangi imo kwenye ganda na zabibu hukamuliwa taratibu. Nilipoomba kuifungua ya tatu, aliushika mkono wangu: chupa iinamishwe, kizibo kishikwe imara, kinachozungushwa kiwe ni chupa.

Usiku huo, nyumbani kwa shemeji, nilifuata maelekezo ya yule mama. Kilitoka kishindo kidogo kama pumzi. Watoto waliokuwa wakitazama televisheni hawakugeuka, na dada akauliza kutoka jikoni kama chupa imenishinda.