Christian McCaffrey wa Stanford

Wikiendi hii nimekaa na binamu yangu, yeye anaishi California, akanionyesha mechi za zamani za futiboli ya Kimarekani. Nilikuwa nadhani ni kugongana tu. Kumbe!

Jamani, huyu kijana Christian McCaffrey alipokuwa chuo cha Stanford alifanya kila kitu. Kazi yake hasa ni kupokea mpira mkononi mwa kiongozi wa mashambulizi na kupenya ukuta wa mabeki. Lakini anakimbia pia pembeni kudaka pasi, anarudisha mipira iliyopigwa na wapinzani, na msimu wa 2015 alirusha hata pasi mbili za tachidauni (yaani za kufunga). Ukijumlisha yote, mwaka huo alisogeza mpira yadi 3,864 na kuvunja rekodi ya vyuo ya Barry Sanders iliyosimama tangu 1988. Bado tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo, akapewa Derrick Henry wa Alabama. Mimi hilo sijalikubali mpaka sasa, na binamu naye kanuna vilevile.

Halafu ikaja Rose Bowl, mechi kubwa ya vyuo ya kila mwaka, Januari 1, 2016, dhidi ya Iowa. Shambulizi la kwanza kabisa la mechi, anadaka pasi, huyooo, yadi 75! Siku hiyo alifikisha yadi 368 na Stanford wakashinda 45 kwa 16.

2017, timu za ligi ya kulipwa ya NFL zilipochagua wachezaji wa vyuo, akachaguliwa wa nane na Carolina Panthers. Kwa mnaomfuatilia tangu chuo: mechi gani nyingine yake niitafute?