Siku Moja ya Mfugaji wa Vipepeo Kando ya Msitu wa Arabuko-Sokoke, Pwani ya Kenya

Saa 12 asubuhi. Kazi huanza kwa kuzunguka mifuko ya neti iliyofunika matawi ya mindimu na michungwa, ambamo viwavi hulelewa. Wa kwanza kutafutwa ni siafu na sisimizi. Wakipata upenyo, viwavi wa mfuko mzima huliwa usiku mmoja. Miguu ya meza tunaipaka grisi au kuisimamisha kwenye makopo ya maji, na tawi lolote la nje linalogusa neti linakatwa, kwa kuwa hapo ndipo wanapovukia.

Saa 1. Kinyesi kinakung'utwa na majani yaliyonyauka yanatolewa, maana unyevu huleta ukungu. Kiwavi aliyekufa kwa virusi hujulikana: ananing'inia kichwa chini, mweusi na laini. Akipasuka, majimaji yake yanaambukiza wenzake, kwa hiyo anakatwa pamoja na tawi lake, anachomwa moto, na mikono inaoshwa kwa sabuni kabla ya kugusa mfuko mwingine. Mara nyingi chanzo ni msongamano. Viwavi wakiwa wadogo mti huonekana unawatosha, lakini kiwavi wa hatua ya mwisho hula kuliko alivyokula tangu aanguliwe. Wagawe mapema.

Saa 3. Tunaingia msituni na vibali, kutafuta wazazi wapya. Ukizalisha kizazi kilekile muda mrefu, damu huchoka. Arabuko-Sokoke ina kilomita za mraba zipatazo 420, na kila sehemu ina vipepeo wake: miti ya mirihi kwenye mchanga mweupe, vichaka vizito kwenye udongo mwekundu. Vipepeo wa aina za Charaxes hawajali maua, hufuata vitu vilivyooza. Mtego wao ni mviringo wa neti uliofungwa juu na kuachwa wazi chini, na sahani ya ndizi zilizochacha ikining'inia chini yake kwa nafasi ndogo. Kipepeo akishiba hupaa juu, wala hashuki kutafuta njia ya kutokea. Mtego usiachwe hadi jioni, mijusi na sisimizi watakutangulia.

Kipepeo Papilio dardanus anataka jicho. Dume ni wa manjano mwenye mikia. Jike huku kwetu hana mikia na huiga rangi za vipepeo wengine wenye sumu, hivyo mgeni wa kazi hurudi na madume matupu. Ukisikia majani makavu yakichakuliwa, simama: huenda ni isanje, mnyama mdogo wa pua ndefu mwenye makalio ya rangi ya dhahabu, anayetafuta wadudu mchana. Msitu huu ndio ngome yake kuu duniani, na kila mti unaokatwa kwa ajili ya makaa unampunguzia makao.

Saa 5. Jike anatiwa kwenye mfuko wenye machipukizi mapya, pamoja na pamba iliyoloweshwa maji ya sukari, kijiko kimoja kwa vijiko kumi vya maji. Bila mwanga wa jua hatagi. Jua kali lisilo na kivuli linamuua. Yule wa mchungwa, Papilio demodocus, hutaga yai mojamoja, dogo mithili ya kichwa cha pini. Tarehe huandikwa kwenye lebo hapohapo.

Saa 8. Kikundi hukutana kwenye kitalu kumwagilia na kuhamisha miche ya kulishia. Tukipanda nyumbani, msitu hauvuliwi majani.

Saa 9. Kuvuna pupa, yaani kiwavi aliyejifunga akisubiri kuwa kipepeo, na hapa haraka ni hasara. Kiwavi aliye tayari huacha kula, hutoa kinyesi chenye majimaji, hutangatanga, kisha hujifunga kwa uzi wake. Ngozi ikishavuka, pupa ni laini kama siagi. Isiguswe mpaka igumu, siku moja au mbili. Ni katika ulaini huo ambapo nyigu wadogo mno hutoboa na kutaga ndani, hivyo neti yenye matundu makubwa haifai. Kata kijiti au bandua uzi, usivute mwili. Kisha kagua: nzima ni nzito na hutikisika ikiguswa, yenye vitundu, madoa meusi au iliyo nyepesi weka kando. Panga kwenye pamba ndani ya boksi, zisigusane.

Saa 10. Boksi linapelekwa Gede, kwenye mradi wa Kipepeo ulioanza mwaka 1993 na ambao husafirisha pupa kwa nyumba za maonyesho ya vipepeo ng'ambo. Malipo ni kwa pupa iliyokubaliwa, na umri huangaliwa sana: pupa nyingi hukaa wiki mbili hivi, pungufu joto likizidi. Ikichelewa kwako, kipepeo atatoka njiani na mabawa yaliyokunjamana. Ndiyo maana lebo yenye tarehe inalinda pesa zako kuliko kufuli.

Saa 12 jioni. Midomo ya mifuko inafungwa upya kwa kamba, kwani kima wakiamka huja kuchungulia. Daftari linajazwa: mayai, viwavi, pupa, waliokufa na sababu. Pale vifo vya mti mmoja vinapozidi, mti huo unapumzishwa, unapogolewa na kuachwa uchipue kabla ya kupewa viwavi tena.