Jaguar E-Type au Porsche 911: ushauri niliompa shemeji

Shemeji yangu amefanya kazi Uingereza kwa miaka mingi, na sasa anajiandaa kurudi nyumbani Dodoma na gari moja la kukusanya na kutunza. Ameniuliza achague lipi kati ya Jaguar E-Type na Porsche 911 ya zamani.

Kwa umbo, Jaguar inashinda. Tangu ilipozinduliwa Geneva mwezi Machi 1961, bodi iliyochorwa na Malcolm Sayer, aliyetokea katika uhandisi wa ndege, haijapata mpinzani machoni pangu. Lakini pua ile ndefu ina mdomo mdogo wa kupitishia hewa, na rejeta iliyo nyuma yake, inayopaswa kupoza injini ya lita 3.8, au lita 4.2 kuanzia mwaka 1964, huelemewa gari likikaa kwenye foleni, sembuse kwenye jua la Novemba la hapa kwetu. Breki za nyuma nazo zimefungwa kando ya difu, yaani gia inayogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma, badala ya kwenye magurudumu, hivyo fundi anayetaka kuzihudumia ipasavyo mara nyingi hulazimika kushusha mfumo wote wa nyuma.

Porsche 911, iliyoonyeshwa Frankfurt mwaka 1963 kwa jina la 901 kabla Peugeot hawajaipinga namba hiyo, haikuwa na rejeta ya maji hadi miaka ya mwisho ya 1990. Ilipozwa kwa feni na oili. Injini zinazopozwa kwa hewa nazifahamu, kwa kuwa nimefungua Volkswagen Beetle nyingi hapa Kizota, na adui yao mkubwa katika mji huu ni vumbi. Likikutana na oili inayovuja, huganda kati ya mapezi ya silinda, yaani vile vibati vyembamba vya kupoteza joto, kama udongo wa kukandika ukuta wa tembe, na hulitoi ila kwa kijiti, pezi baada ya pezi. Mwenye 911 ajue pia kupima oili injini ikiwa ya moto na inaunguruma, gari likiwa mahali tambarare. Akiipima imezimwa ataiona imepungua, kisha ataijaza kupita kiasi.

Uimara wake umeshapimwa katika ukanda wetu: Björn Waldegård alishika nafasi ya pili katika Safari Rally ya mwaka 1974, Vic Preston Jr. akafanya hivyo mwaka 1978, na mwaka 2011 Waldegård akashinda Safari ya magari ya zamani, wote wakiendesha 911.

Linaloninyima amani ni kutu. Dodoma ni kukavu, lakini magari haya yamezeekea kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi wakati wa baridi. Injini hufufuliwa, bodi iliyooza humaliza mtaji. Vyuma vya chini ya milango ya Jaguar ndivyo vinavyobeba sehemu kubwa ya uimara wake, na kuoza kwake hufichwa kwa puti na rangi mpya. Nimemwomba shemeji aifunge sumaku ndogo kwa kitambaa laini, aipitishe hapo polepole: isiposhika, kuna puti. Porsche walianza kutumia chuma kilichopakwa zinki katika bodi za modeli ya 1976, na ndiyo maana nimempendekezea 911 SC ya lita 3.0, ya 1978 hadi 1983, ingawa wakusanyaji huthamini zaidi zile za mwanzo. Namba za chesisi na injini zilingane na kumbukumbu za kiwanda kabla hajalipa hata shilingi.

Juzi amenitumia picha ya E-Type ya kijani. Nimemjibu kwamba ni nzuri mno, na nimemwomba picha za chini ya milango.