Kilomita 800 na Chai chini ya kiti

Chai ni mbwa wangu, jike, kilo 24, rangi yake kama chai iliyopungukiwa maziwa ndo maana ya jina. Tunakaa Hamburg, Ujerumani, na wiki ilopita tumerudi kutoka Milano, Italia, kwa treni, kwenda na kurudi. Watu wengi wameniuliza naanzaje kusafiri masaa yote yale na mbwa mkubwa hivo, sasa naona niandike hapa moja kwa moja.

Nianze na kosa langu maana ndo lilinifundisha kila kitu. Safari ya kwanza tulienda Basel, Uswisi, zaidi ya kilomita 800, masaa sita na kitu bila kubadilisha treni, mi nikaona ndo raha hiyo. Nimehangaika na tiketi, na chanjo, na msosi wake, nikasahau kwamba mbwa anakojoa jamani. Treni za mwendo kasi stesheni nyingi zinasimama dakika mbili tatu tu, ukishuka kutafuta majani imeshakuacha, na Chai kwenye simenti hakojoi hata umsubiri mpaka kesho. Tulipopita mji wa Karlsruhe mguu wake wa nyuma, wa kushoto, ukaanza kutetemeka kidogo kidogo kama mtu mwenye homa, halafu akaja akaniwekea kidevu juu ya kiatu akawa ananitazama tu. Hakulia. Angelia ningejua mapema. Basel tulitoka mbio mpaka mti wa kwanza nje ya stesheni, akakojoa muda mrefu sana yaani, na mi nimesimama pale na begi mgongoni machozi yananitoka.

Tangu siku ile naikata safari. Hamburg mpaka Frankfurt ni kama masaa manne, tunashuka, nimeacha saa moja na nusu ya makusudi kabla ya treni inayofuata, tunatembea mpaka mto Main ambao hauko mbali na stesheni, kuna majani, anakojoa, anakunywa maji, anajinyoosha. Halafu Basel tunalala, asubuhi ndo Milano. Ni gharama ya usiku mmoja, najua, ila mwili wake siyo begi.

Kuhusu sheria, Ujerumani mbwa mdogo anayeenea kwenye begi lake hana nauli, mkubwa kama Chai analipiwa, hapewi kiti anakaa chini, anafungwa kamba na anavalishwa kile kikapu cha mdomoni wanaita Maulkorb. Behewa la chakula haruhusiwi kuingia kwahiyo beba chakula chako. Uswisi mbwa mkubwa analipa nusu ya tiketi ya daraja la pili. Kuvuka mipaka lazima awe na chipu, pasi yake ya Ulaya, na chanjo ya kichaa cha mbwa, na ile ya kwanza mpaka zipite siku 21 ndo inahesabika, usiende kwa daktari wa mifugo wiki ya safari. Anayewaza London asahau Eurostar, ile treni ya kwenda huko, hawabebi mbwa isipokuwa wale wa kuwaongoza wasioona na wa kusaidia wenye ulemavu.

Kile kikapu Chai alikuwa anakichukia. Nilikaa wiki mbili nakipaka siagi ya karanga kwa ndani, nampa alambe bila kumfunga, siku ya kumi hivi akaanza kuingiza pua mwenyewe nikikishika tu. Siagi yenyewe soma kopo kwanza, zenye xylitol, ile inayowekwa badala ya sukari, ni sumu kwa mbwa!!

Na jambo hili nalisema kwa moyo wote, kabla sijakaa nawauliza majirani. Mi nimekulia Tanga, nyumba tuliyopanga wenzetu karibu wote Waislamu, najua mtu akiguswa na mate ya mbwa akiwa na nguo zake za swala ni shughuli, na wengine wanaogopa tu tangu utoto. Mama mmoja mwenye hijabu aliniambia kwa upole hayuko huru, tukahamia mwisho wa behewa, na kule nafasi ya miguu ilikuwa kubwa zaidi. Hakuna aliyekosa kitu.

Kwenye handaki la Gotthard kule Uswisi, kilomita 57, mnakaa gizani kama dakika 20 na masikio yanaziba. Chai aliinua kichwa, nikampa mfupa wa kutafuna juu ya khanga yangu ya nyumbani ambayo huwa namtandikia, akatulia.

Wakati wa kurudi, Frankfurt, mlango wa treni ulivyofunguka hata sijakaa sawa na begi Chai alishaanza kunivuta. Nilimwacha atangulie. Akapita katikati ya watu, akatoka nje, akavuka na mimi barabara zote mpaka kwenye yale majani yake ya mtoni.