Bwana Nyama ni mama, na kazi yake ni kupima mahindi

Nikimwambia mtu kwamba nasimamia programu ya serikali ya wanyamapori, moja kwa moja anaona helikopta, miwani ya jua, na mimi nimempakata mtoto wa faru. Vijijini afisa wanyamapori kama mimi anaitwa Bwana Nyama, na mama mkwe wangu mpaka leo anauliza kama huwa tunagawiwa nyama. Kwa hiyo naandika siku moja tu, Alhamisi ya Juni 2022, kwa sababu bado ninayo kwenye daftari, pamoja na tope lake.

Saa 10:40 alfajiri. Simu. Ni mtendaji wa kijiji kimoja kule Magharibi Kilimanjaro. "Afisa, wameshuka tena. Watano, au sita." Hakusema nani wameshuka. Huko hakuna anayeuliza: ni tembo.

Saa 1:15 niko ofisini Arusha. Barua pepe, saini, ripoti ya robo mwaka inayodaiwa Dodoma, chai.

Saa 2 tulitakiwa tuwe barabarani. Gari lipo, dereva yupo, mafuta hayapo: kibali kinasubiri saini ya mtu ambaye yuko kikaoni. Simtaji, ila kila mtumishi wa umma anayesoma hapa anamjua yule mtu aliye kikaoni. Nikabaki nakodolea macho lile tamko la Mwalimu Nyerere lililobandikwa ukutani, la Septemba 1961, lililosomwa hapa hapa Arusha kabla hata ya Uhuru. (Wageni wanalichanganya na Azimio la 1967. Si lenyewe.) Linasema wanyamapori si wa kustaajabia tu, ni sehemu ya maliasili na riziki yetu ya kesho. Saini ilikuja saa 4:20.

Usa River, Boma Ng'ombe, Sanya Juu, Ngare Nairobi. Mlima umejifunika. Dereva aliongea Simba na Yanga mpaka vumbi likamnyamazisha.

Saa 7 kasoro tulifika shambani, na hapo ndipo siku iliponikwamia.

Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda pembeni ya shamba, fimbo katikati ya magoti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Bwana Nyama yuko wapi?"

"Ndiye mimi."

Akamtazama dereva. Dereva akatazama mlima. Nimemaliza chuo cha wanyamapori cha Mweka, nina miaka kumi na tano kazini, na bado kila kijiji kipya naanzia hapo.

Kijiji hiki hakiko mbali na ushoroba wa Kitendeni, njia ambayo tembo wanapita kati ya Kilimanjaro na Amboseli kule Kenya. Njia ni ya tangu zamani, mahindi ni ya Machi. Tembo mkubwa anakula kama kilo 150 kwa siku. Umkutanishe na mahindi yaliyobeba, halafu umwambie aendelee kubandua magome ya miti!

Mzee alisema zimeliwa ekari tatu. Nikawasha GPS ya simu, nikazunguka. Ekari moja na robo tatu. Akasema nimekata kona. Nikazunguka tena, safari hii na yeye akiwa nyuma yangu, fimbo ikigonga kila kona. Ekari moja na robo tatu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Wewe unapima kwa simu. Mimi nimelima kwa mgongo." Vijana wakacheka. Mimi nikazunguka mara ya tatu.

Tatizo halikuwa ekari tu. Upande wa juu mabua yalikuwa yamesimama, majani tu ndiyo yameng'atwa ncha. Tembo hafanyi hivyo. Tembo anang'oa, anakanyaga, anavuta bua zima na kuacha shina limechanika nyuzi nyuzi, na kwenye kinyesi chake unakuta punje nzima za mahindi. Nyani anavunja gunzi, anauma mara mbili, anatupa. Ncha zilizong'atwa ni mbuzi. Na mbuzi wenyewe walikuwepo, wameachiwa asubuhi kuokota mabaki, wanatembea juu ya nyayo nilizofunga safari kuja kuziona. Hapo nilipandisha sauti. Nilisema bila nyayo fomu yangu ya malipo ni karatasi ya kufungia vitumbua. Sikupaswa kusema vile mbele ya wajukuu zake.

Tulipata unyayo mmoja mzima karibu na mfereji. Nikachuchumaa, nikauzungushia uzi, nikanyoosha uzi kwenye futi kamba: mita 1.3. Mzunguko wa mguu wa mbele ukizidisha mara mbili unapata kimo cha tembo begani, kwa kukadiria. Nikamwambia mzee, huyu ana mita 2.6 hivi, huenda ni dume. Akauangalia ule unyayo muda mrefu. "Kumbe hawezi kuingia mlangoni kwangu," akasema. Ndiyo mara pekee tuliyokubaliana siku ile.

Kisha ikaja fedha. Hii sehemu naichukia. Kanuni za 2011, tulizokuwa tukizitumia siku ile, hazikusema fidia. Zilisema kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa mtu aliyejeruhiwa au kuuawa, na maneno hayo yalichaguliwa makusudi. Ilikuwa shilingi 25,000 hadi 100,000 kwa ekari, kadiri shamba lilivyo mbali na mpaka wa hifadhi, mwisho ekari tano. Shamba la mzee liko karibu, kwa hiyo aliangukia chini kabisa.

"Elfu ishirini na tano," alirudia. "Kwa ekari."

"Ndiyo mzee."

"Gunia moja shilingi ngapi sokoni?"

Anajua. Ninajua. Hiyo hela haifiki nusu ya gunia. Na fomu ikitoka kwangu inapita halmashauri, inakwenda wizarani, inasubiri zamu yake. Nimeshawahi kumpelekea mama mmoja malipo amekwishavuna tena. Sikumwambia hilo.

Kijana mmoja akauliza kwa nini tusiwapige risasi tu. Mwaka 2009 nchi ilikuwa na tembo zaidi ya 109,000. Sensa ya 2014 ikakuta 43,330. Miaka yangu ya mwanzo kazini ilikuwa ya mizoga iliyokatwa uso na majangili wa pembe. Nikamjibu kijana kwa kifupi, naye akajibu kwa kifupi zaidi: "Hao waliobaki wako hapa kwetu."

Baada ya hapo sikumbuki saa vizuri. Mashamba mengine manne, yote madogo, yote sikubishana. Kikao chini ya mti na askari wa wanyamapori wa kijiji: tochi tatu kati ya nane zinawaka, fataki zimekwisha, pilipili ipo. Pilipili ya unga inachanganywa na mchanga ndani ya kondomu pamoja na baruti, inalipuliwa hewani, tembo anapiga chafya na kugeuka. Sasa jaribu kuandika "kondomu, paketi 200" kwenye maombi ya vifaa vya uhifadhi halafu umweleze mhasibu.

Giza lilitukuta Sanya Juu. Nilikula mahindi ya kuchoma kando ya barabara na nikaona aibu, sijui kwa nini.

Nyumbani ilikuwa saa 4 usiku na kitu. Mume wangu amelala, ugali umefunikwa sahani. Miguu haitaki kutoka kwenye buti. Simu ikaita, namba nisiyoijua.

"Bwana Nyama?"

Ni mzee. Nikajiandaa kwa ekari tatu.

"Ule unyayo wa mfereji," alisema, "nimeufunika karai. Nimeweka na jiwe juu. Mbuzi hawagusi."

Fomu yake nilikuwa nimeshaijaza, unyayo ule sikuuhitaji tena. Nikasema ahsante sana mzee.

"Utakuja kuuona lini?"

"Wiki ijayo nina vikao, mzee. Labda Alhamisi."

"Basi karai litakaa hapo mpaka Alhamisi," akasema. "Ila mke wangu analitaka."