Nani Mwingine Umemwambia?

Jumamosi usiku umeme ulikatika hapa Kirumba, Mwanza, mvua ikipiga mabati kiasi cha kutosikilizana. Mama yuko kwangu wiki ya pili sasa, amekuja kutoka Ukerewe kwa ajili ya kliniki ya presha. Kompyuta ilikuwa na chaji, nikafungua filamu niliyoihifadhi tangu mwigizaji wa Marekani, Robert Redford, alipofariki Septemba 2025. Inaitwa Three Days of the Condor, ya mwaka 1975. Mama kazoea filamu za kibanda umiza, zenye mtu wa kutafsiri, kwa hiyo mtafsiri nikawa mimi.

Redford ni Joe Turner, na kazi yake ni kusoma. Basi. Yeye na wenzake wana ofisi ndogo New York, wanasoma riwaya na majarida ya dunia nzima kwa niaba ya CIA, shirika la ujasusi la Marekani, wakitafuta siri zilizojificha ndani ya hadithi. Siku hiyo yeye ndiye anayekwenda kununua chakula cha mchana. Anapitia mlango wa nyuma, na wauaji wanaovizia mbele hawamwoni akitoka. Anarudi na mfuko wa chakula, anakuta wenzake wote wameuawa.

Mama akaniwekea mkono gotini. "Simamisha kwanza. Kwani kafanya nini?"

Ameuliza swali, mama. Hilo tu. Aliona riwaya isiyouzika, lakini imetafsiriwa kwa lugha ambazo hazikuingia akilini. Akaandika ripoti, akaipeleka juu ili ajibiwe. Huko juu ikamgusa mtu yule yule mwenye siri, maana ndani ya CIA kulikuwa na kikundi chenye mpango wa mafuta ya Mashariki ya Kati.

Nilipomaliza kueleza, tukatazamana.

Mwaka 2021 nilikuwa karani wa mizani kwa tajiri mmoja wa samaki hapa mwaloni, kwenye soko la samaki ufukweni. Nilikuwa naandika kilo za sangara, na ukurasa wa pili kilo za mabondo, vile vibofu vya hewa vya tumboni mwa samaki. Anayeijua kazi hii anajua bondo ndilo lenye pesa. Watu wamegombana na ndugu zao kwa ajili ya bondo. Wiki tatu mfululizo samaki walikuwa wakubwa, wa kubebwa na watu wawili, lakini mabondo yakawa yanapungua. Nikamuuliza msimamizi. Niliuliza kwa nia njema, nikidhani mimi ndiye niliyekosea kuandika. Hakukasirika. Alisimama, akafunga mlango taratibu, akasema: "Nani mwingine umemwambia?"

Nimetukanwa mara nyingi pale mwaloni na nikalala vizuri. Kwa maneno yale matatu sikulala, na sikuwahi kuweza kumweleza mtu kwa nini, mpaka nilipomwona Turner kwenye simu ya mtaani. Anapiga makao makuu, kwa watu wake mwenyewe, anaomba aokolewe. Wanamwambia aende kwenye uchochoro fulani, atapokewa. Aliyekuja kumpokea anamfyatulia risasi. Baada ya hapo hana wa kumpigia. Hiyo ndiyo hofu yenyewe, na sijaona filamu nyingine iliyoishika hivyo. Ngumi na magari ni mambo ya kawaida. Mapenzi yake na yule mwanamke mpiga picha ambaye Turner alimteka sikuyaamini hata kidogo, ingawa zile picha zake za mabenchi matupu na miti isiyo na majani bado ninaziona.

Mama hakujali mapenzi wala mafuta. Alikuwa na swali moja, akalirudia mara tatu: "Kwa nini asiende kwao?"

Sikuwa na jibu. Yule kijana ana mji mkubwa kama ule, na hana shangazi wa kumfungulia mlango usiku.

Mimi, asubuhi baada ya swali lile la msimamizi, nilipanda meli ya Nansio, kwetu Ukerewe, bila kuaga mtu, kaunta buku la mizani nimelifunga tumboni chini ya kanga. Njia nzima nilimhesabu kila mwanamume aliyenitazama mara mbili. Mmoja, wa shati la bluu, aliteremka nyuma yangu. Nikaharakisha, naye akaharakisha. Kumbe watoto wake walikuwa wanamsubiri gatini. Wakamrukia wakipiga kelele, nami nikakaa chini palepale kwenye mzigo wa mtu, miguu imeisha nguvu.

Filamu inaishia nje ya jengo la The New York Times. Turner amewasimulia waandishi kila kitu, na ofisa wa CIA anamuuliza ana uhakika gani kwamba watachapisha. Turner anageuka kuangalia nyuma, picha inaganda.

"Wakachapisha?"

"Haisemi, mama."

Chaji ikaisha. Tulilala gizani, mvua imebaki matone. Nilidhani ameshasinzia.

"Lile daftari lako," akasema, "nimelitoa sandukuni. Panya walianza kula pembe. Nimelitia kwenye lile debe la mfuniko, chini ya mtama."